Pikapu iliyoinuliwa inagonga nyuma ikipakia: nianze kupima wapi?

Mzigo_Nyuma:
Wakuu, naomba ushauri. Pikapu ina springi za majani nyuma na imeinuliwa milimita 50. Nyuma zimewekwa bloki za 50 kati ya ekseli na springi, yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) ndefu na shokapu mpya ndefu. Tairi ni saizi ileile ya kiwandani. Ikiwa tupu inatulia, labda ikute shimo la maana. Ikibeba kilo 250 hivi, kila tuta inagonga nyuma, sauti kavu ya chuma, kishindo kinafika hadi kwenye kiti. Mmoja anasema niongeze jani, mwingine anasema mifuko ya hewa ya kusaidia springi. Kabla sijatoa hela, nitajuaje kinachogonga ni nini?

Yubolti:
Usinunue kitu bado. Kwanza sikiliza inagonga wakati gani. Ikigonga tairi likiwa linapanda tuta, springi imebonyea na kitu kimefika mwisho wake. Ikigonga baada ya tuta, tairi linaposhuka, hapo shokapu imevutwa hadi mwisho, nayo huwa fupi mno kwa gari lililoinuliwa. Ukiwa umekaa ndani sauti hizi mbili zinafanana sana, na ndiyo maana watu wengi huongeza majani kwenye gari ambalo shida yake ni shokapu fupi. Springi inazidi kuwa ngumu, inasukuma ekseli chini kwa nguvu zaidi, na kugonga kunaongezeka.

Jani_la_Tatu:
Kwa kuwa wewe inagonga ukipakia, nadhani ni kubonyea. Ila pima, usikisie. Vya kugongana huko nyuma ni vingi: ekseli na raba ya kugongea iliyo chini ya chesisi, shokapu kufunga ndani kwa ndani (fimbo yake kuingia hadi mwisho), tairi na fenda, shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi) na chesisi, hata difu (tumbo la gia katikati ya ekseli) na tairi la akiba au bomba la moshi.

Fanya hivi. Osha sehemu yote, kausha. Funga tai ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu na uisogeze hadi iguse mwili wa shokapu. Ibane kiasi cha kutosogea yenyewe. Bandika donge la udongo laini wa kufinyanga chini ya raba, unene wa milimita 20. Paka chokaa ndani ya fenda, kwenye chesisi shakeli inapopita, na juu ya difu. Pakia mzigo wako wa kawaida, pita tuta linalokusumbua kwa mwendo unaosumbua, kisha lala chini uangalie alama. Kama shokapu zako zina kava la chuma juu ya fimbo, tai haitafaa. Itabidi upime kati ya tundu la juu na la chini, ulinganishe na urefu wa shokapu ikiwa imefungwa kabisa.

Leta na vipimo hivi, mara mbili, tupu na ikiwa na mzigo, gari likiwa kwenye sakafu tambarare: pengo kati ya raba na mahali inapogonga, urefu wa fimbo ya shokapu unaoonekana, na kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto.

Mzigo_Nyuma:
Nimepima, yote kwa milimita. Raba inagonga kwenye ekseli yenyewe, si juu ya springi. Pengo: 140 tupu, 85 na mzigo. Fimbo: 105 tupu, 57 na mzigo. Fenda kulia na kushoto zimetofautiana 4 tu. Donge la udongo liko vilevile, halijaguswa. Tai imesukumwa hadi juu kabisa, imebanwa kwenye kichwa cha fimbo. Chokaa haijafutika popote.

Jani_la_Tatu:
Basi jibu unalo mkononi. Shokapu inafunga kabla ekseli haijafika kwenye raba. Kazi ya raba inafanywa na shokapu, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiendelea hivi itavujisha mafuta, au mshikio wake kwenye chesisi utapasuka.

Hesabu yako ni hii. Ekseli ilipanda 55 (140 kutoa 85), fimbo ikaingia 48. Shokapu imelala kwa pembe, kwa hiyo kila milimita 100 za ekseli ni kama 87 za fimbo. Fimbo ya 105 inaisha ekseli ikiwa imepanda kama 120. Raba inaguswa ikifika 140. Umepungukiwa 20, na hapo hujahesabu raba yenyewe kubonyea. Raba ya kawaida yenye kimo cha 60 huweza kubanwa hadi karibu nusu, yaani 30 nyingine.

Kosa la seti nyingi za kuinua ni hili: wanakupa bloki na shokapu ndefu, wanasahau raba. Shokapu ndefu hata ikifungwa inabaki ndefu kuliko ya zamani, na bloki imesogeza ekseli mbali na raba kwa 50. Pengo la zamani lilikuwa 90.

Bapa:
Si aweke tu bloki ya 75? Nafasi itaongezeka.

Yubolti:
Bloki haiongezi ugumu wa springi hata kidogo. Kilo 250 zitaibonyeza 55 zilezile. Shokapu itapata nafasi, sawa, lakini raba itakuwa mbali zaidi na springi itapinda kupita pale ilipokusudiwa kuishia. Bloki ndefu pia inampa ekseli nguvu ya kujipindua ukikanyaga mafuta au breki, springi inajikunja kama herufi S na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inagonga. Na asije mtu akamshauri kupanga bloki mbili juu kwa juu, au kuweka ya mbao.

Jani_la_Tatu:
Teremsha raba kwa 50 kwa kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti chini ya chesisi. Pengo linarudi 90 kama kiwandani, mwisho wa safari ya ekseli unakuwa 120 raba ikiwa imebanwa. Tatizo: shokapu yako inaisha hapohapo kwenye 120, hakuna akiba. Unataka fimbo ibaki na angalau 15 raba ikiwa imebanwa kabisa. Kwa hiyo tafuta shokapu ambayo ikifungwa ni fupi kuliko hii kwa 20 hadi 25. Kabla hujaagiza, inua chesisi, weka stendi imara mbele ya mshikio wa mbele wa springi, fungua shokapu upande wa chini, acha ekseli ining'inie taratibu kwa jeki, upime mshikio hadi mshikio. Shokapu ikivutwa yote iwe ndefu kuliko kipimo hicho kwa kidogo. Angalia pia mpira wa breki usivutike.

Mzigo_Nyuma:
Nikishateremsha raba, na mzigo pengo linabaki 35. Si itagonga raba kila saa?

Springi_Mbili:
Itagusa, ndiyo, na itagusa laini. Ila 55 kwa kilo 250 ni kubonyea kwingi, springi zako ni laini au zimechoka. Hapa ndipo jani la ziada linapoingia, ila lisiwe juu ya bloki ya 50. Toa bloki hizo, weka za 25 pamoja na jani linaloinua 25. Kimo kinabaki kilekile na ugumu unaongezeka. Kagua majani yaliyopo karibu na senta bolti (inayoshikanisha majani katikati), ufa huanzia hapo. Shakeli nayo: jani likiongeza mpindo springi inafupika, shakeli inasimama wima. Ncha yake ya chini ilale kidogo upande wa nyuma gari likiwa tupu, la sivyo springi itakaba na utasikia kugonga kwingine kabisa.

Mifuko ya hewa inafaa kwa mzigo wa mara mojamoja. Ila inasukuma chesisi sehemu moja tu, na kwenye pikapu ya kabini mbili yenye mzigo mzito nyuma ya ekseli, chesisi imewahi kupinda kwa sababu hiyo.

Yubolti:
Ukibadilisha bloki weka yubolti mpya. Za zamani zimekwishavutika, na kwa bloki ya 25 zitakuwa ndefu mno. Hakikisha kichwa cha senta bolti kimeingia kwenye tundu la bloki na pini ya bloki imeingia kwenye ekseli. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, hadi kipimo cha kitabu cha gari, halafu urudie baada ya kilomita 500. Na kama gari lina valvu ya breki inayosoma mzigo kwa kijiti kilichofungwa kwenye ekseli, mshikio wake nao urekebishwe kwa 50. Sasa hivi inadhani gari ni tupu muda wote, breki za nyuma zinapata nguvu pungufu.

Mzigo_Nyuma:
Valvu ipo, kijiti hakikuguswa. Naanza na hiyo kesho, halafu raba.