Tupeane uzoefu: mtu wako aliyetangulia unamkumbuka vipi?

Wakuu, Jumapili nilikuwa nafuta vumbi kwenye redio ya marehemu baba. Ni mbovu, mwaka wa sita sasa. Kitufe cha sauti kimelika upande mmoja, pale alipozoea kuweka kidole gumba. Nikaweka changu hapo hapo, nikabaki nimesimama kama mjinga. Halafu picha yake kubwa ipo ukutani, naipita kila siku hata siitazami. Nyie wenzangu kumbukumbu zenu zimejificha wapi? Za kwenye hotuba sitaki.

#2
Pole mkuu. Mimi ni sauti. Mama aliniachia ujumbe wa sekunde 14 akinigombeza kwa kutopokea simu. Nilikuwa nausikiliza nikimkumbuka. Simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, fundi akashindwa. Nililia kuliko siku ya msiba. Mwenye sauti ya mtu wake aihamishe leo, aiweke sehemu mbili tofauti.

#3
Naongezea kwa #2. Picha za karatasi andikeni majina na mwaka kwa nyuma, kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino wa kalamu unaweza kupenya au kuchafua picha iliyo chini yake. Nina albamu ya bibi, sura kama hamsini, ninaowajua wanne. Aliyewajua wote tumemzika mwaka juzi, na mimi nilikuwa naishi naye nyumba moja!

#4
Msinirushie mawe. Baba yangu alikuwa mkali kupita kiasi, na kila mwaka ndugu wanataka tusimame mmoja mmoja tumsifu. Mwaka huu nimeomba tukae kimya tu. Zile dakika mbili za kimya zilizoanza Uingereza Novemba 11, 1919, kukumbuka waliokufa vitani, kwangu uzuri wake ni huo: hakuna anayekupangia cha kuwaza.

#5
Mdogo wangu alikuwa akibisha mlango mara tatu, halafu anajificha. Wanangu hawakumwona hata siku moja, lakini wanabisha hivyo hivyo. Wameiga kwangu, na mimi sikujua kama nafanya.

Mleta mada
#4, hakuna wa kukurushia jiwe hapa. #2, nimetoka kuhamisha video mbili za mzee sasa hivi. Moja yote anauliza, "Imeshaanza kurekodi?"