Dawa za kifafa na ngozi kubabuka: tupeane uzoefu

Dada Mkubwa (Moshi): Wapendwa, mdogo wangu alianzishiwa kabamazepini, dawa ya kifafa. Wiki mbili shwari, hakuanguka hata mara moja, tukamshukuru Mungu. Wiki ya tatu akaamka na homa, macho mekundu, midomo imevimba. Duka la dawa wakasema surua, wakatupa piritoni. Tukapoteza siku mbili. Ya tatu uji ukamshinda kumeza, na nilipomvua blauzi ngozi ya mgongoni ikatoka nayo, kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Hospitali walisitisha dawa saa ileile, wakamuuguza kama mtu aliyeungua. Ugonjwa unaitwa Stevens-Johnson, majina ya madaktari wawili wa Marekani waliouelezea mwaka 1922. Nani mwingine yamemkuta?

Mkazi wa Ngaramtoni: Pole sana dada. Mimi ilikuwa lamotrijini, na nilikuwa tayari natumia valproeti, nayo ya kifafa. Valproeti huifanya lamotrijini ikae mwilini muda mrefu, ndiyo maana ukizichanganya unaanza na nusu ya dozi na kupanda taratibu kwa wiki kadhaa. Niliangukia sokoni Kilombero, nikaona aibu, nikajiongezea vidonge mwenyewe. Siku ya tano vipele kifua kizima. Niliwahi, nikapona.

Baba Upendo: Mwanangu alitoka vipele kwa fenitoini. Kituo kingine wakampa fenobabitoni, vikarudi vikali zaidi. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba hizo mbili na kabamazepini ni ndugu, ikikukataa moja nyingine nazo zinaweza kukukataa. Sasa nimeandika majina yote matatu kwa kalamu nyekundu juu ya daftari lake la kliniki.

Mama Neema: Mwanangu ana wiki ya pili na kabamazepini, leo naona vipele shingoni. Niache kumpa?

Dada Mkubwa: Mama Neema, usikae nyumbani kuamua peke yako. Kukata dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na kuendelea kunaweza kumbabua. Mpeleke leo hii, na boksi la dawa mkononi. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC kuna chuo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992. Ukiona homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, usingoje hata kupambazuke, chukua bodaboda.

Mama Neema: Tunatoka sasa hivi. Mdogo wako anaendeleaje?

Dada Mkubwa: Ngozi imerudi, ina mabaka. Macho ndiyo bado makavu, namtia matone asubuhi na jioni.