Nawezaje kuwavuta maintani (madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya vitendo) waje kwenye magonjwa ya zinaa? Nataka kuanza vipindi vya Zoom

DaktariWaMkoa: Wakuu habari za jioni. Nipo hospitali ya mkoa, maintani wa mwaka huu nimewauliza mmoja mmoja wanataka kuspeshalaizi nini, wametaja upasuaji, watoto, akina mama, moyo, magonjwa ya zinaa hakuna hata mmoja, na kuna mmoja kaniambia kabisa "dokta mi sitaki kuitwa daktari wa gono". Imeniuma sana, maana WHO wenyewe wanasema kila siku duniani kuna maambukizi mapya zaidi ya milioni 1 ya zinaa zinazotibika, sasa atawatibu nani? Nafikiria saa moja kila Alhamisi usiku kwa maintani wa mikoa yote. Nianzie wapi wasinikimbie?

Ngozi_na_Zinaa: Mkuu anza na kesi, slaidi achana nazo kabisa. Mimi nilishapania upasuaji, kilichonigeuza ni kijana mmoja alikuja na vipele viganjani na kwenye nyayo, haviwashi, katibiwa fangasi, katibiwa aleji, miezi miwili inakatika. Tukapima kaswende, ipo. Tukamwita mke, naye anayo na ana mimba ya miezi mitano! Wote wakachomwa benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, mtoto akazaliwa mzima. Nikaenda Moshi kusoma, pale hospitali ya KCMC wana kituo cha ngozi na zinaa tangu 1992. Wewe waonyeshe picha ya kiganja tu, sura na jina usiweke, waache wabishane wee ndo uwaambie jibu. Project ECHO, mafunzo ya madaktari kwa video ya kule New Mexico, Marekani, mwaka 2003 ilianza hivyohivyo na homa ya ini C, madaktari wa pembezoni wanaleta kesi zao wenyewe.

intani_wa_zamu: Shikamooni. Mimi ni intani, kwa upande wangu majina ya kuitwa sio shida, shida sijui kuuliza. Mama wa makamo kama mama yangu mzazi kakaa mbele yangu analalamika uchafu ukeni, naanzaje kumuuliza ana wapenzi wangapi? Chuoni tulipewa ile chati ya dalili na dawa zake basi. Mkitufundisha maneno yenyewe ya kuongea, kwa Kiswahili, nitakuja kila wiki. Ila Alhamisi wengine tupo zamu na bando ni shida, tunaomba mrekodi sauti mtupie WhatsApp.

Mama_CTC: Naunga mkono mdogo wangu hapo juu. Ila dokta, Zoom peke yake haitoshi, akishapenda apate siku ya kuja kukaa kliniki aone mgonjwa anavyotoka ameshusha pumzi.

DaktariWaMkoa: Asanteni sana. Intani, kipindi cha kwanza ni hilo swali lako, tutafanya maigizo, @Mama_CTC naomba uwe mgonjwa. Cha pili kijana wa kisonono aliyemeza antibayotiki ya sipro akarudi bado anatoka usaha. Sauti nitarekodi.