Mnawapeleka wageni kununua bunduki kabla ya miwani, kisha mnawaita wenye viwanja wezi

Wanajamvi, kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma malalamiko ya Waswahili wenzangu tunaocheza easofti (mchezo wa vita vya kuigiza kwa bunduki za bandia zinazofyatua gololi ndogo za plastiki) huku Uingereza kuhusu kiingilio cha kiwanja cha pauni 35 kwa siku, na nilinyamaza kwa sababu sikutaka kugombana na watu tunaokutana nao msituni. Leo sinyamazi tena. Wale wale wanaoandika kwamba mwenye kiwanja anatunyonya ndio wanaomshauri kila mgeni atafute bunduki yenye nguvu, aongeze springi kali, na suala la miwani alifikirie baadaye. Ushauri huo unamtia mgeni hasara, unahatarisha macho yake na ya wenzake, na matokeo yake yote tunakabidhiwa sisi wa kiwanjani tunaosimama asubuhi kwenye meza ya kupimia bunduki.

Jumapili iliyopita alifika kijana mmoja, mgeni kabisa katika mchezo, akiwa na bunduki ya mtumba aliyoinunua kwa pauni 220 kwa maelekezo ya mzoefu mmoja wa kundi letu. Tulimjazia gololi zetu za gramu 0.20, akafyatua mbele ya kipima mwendo, na namba ikasoma futi 412 kwa sekunde. Akafyatua tena, ikasoma 409, kisha 414. Kikomo cha kiwanja ni 350. Aliponionyesha mazungumzo yake na aliyemuuzia, niliona kwamba ndani mlikuwa mmewekwa springi ya M120, yaani springi kali, na mgeni huyo alisifiwa kwamba amepata kitu cha maana. Futi 412 kwa gololi ya gramu 0.20 ni karibu jouli 1.6 (jouli ni kipimo cha nguvu ya gololi inapotoka mtutuni), na hapo hatuzungumzii tena kanuni za kiwanja. Kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 2017, bunduki ya easofti inayofyatua mfululizo haitakiwi kuzidi jouli 1.3, na inayofyatua moja moja haitakiwi kuzidi 2.5, ikivuka hapo inapoteza kinga ya kuhesabiwa kuwa kifaa cha mchezo, na mwenye nayo anaweza kujikuta akijibu maswali ya sheria ya silaha. Kijana yule alikuwa amepanda nayo treni bila kujua chochote kati ya hayo, na ninyi mnajua vizuri jinsi kijana mweusi mwenye begi la bunduki anavyotazamwa katika nchi hii.

Usoni alikuwa amevaa miwani ya mafundi ujenzi, ile ya bei nafuu, yenye herufi F pembeni ya kioo. Nawaomba wanaotoa ushauri wajifunze kusoma herufi hizo kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba miwani yoyote inatosha. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 166, herufi F maana yake ni kwamba kioo kimestahimili gololi ya chuma ya gramu 0.86 inayokwenda mita 45 kwa sekunde, ambayo ni jouli 0.87. Bunduki halali kabisa ya futi 350 inatoka na jouli 1.14, kwa hiyo kioo hicho hakikupimwa hata kwa nguvu ya bunduki ya kawaida ya kukodi, achilia mbali ile aliyokuja nayo yeye mwenyewe. Herufi B ni mita 120 kwa sekunde, yaani zaidi ya jouli 6, na hupatikana kwenye miwani inayoziba jicho pande zote na kushikwa na mkanda nyuma ya kichwa. Miwani ya fremu ya kawaida haiwezi kupewa B, na hata ingekuwa na kioo kigumu kiasi gani, ina mwanya pembeni ambao gololi inaupata bila taabu. Barakoa ya wavu nayo ina kasoro yake, kwa kuwa gololi ikipasukia juu ya wavu vipande vyake hupenya na kuingia jichoni.

Nilimkatalia kuingia na vyote viwili. Alikodi bunduki na kinga ya uso ya kiwanja, akacheza siku nzima, akafurahi. Jioni yake mshauri wake akaandika hadharani kwamba tulimkatalia makusudi ili tumlazimishe kukodi. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu ni uongo, na aliyeyaandika anajua ni nani aliyempendekezea kijana ile bunduki.

Kuhusu hiyo nguvu mnayoisifia, nguvu peke yake haiifikishi gololi mbali wala haiinyooshi. Kinachoifikisha mbali ni kijimpira kilichoko mwanzo wa mtutu, kinachoisugua gololi kwa juu na kuifanya izunguke kinyumenyume ili hewa iibebe. Kijimpira kizuri cha pauni 10 au 15, mtutu uliosafishwa, na gololi za gramu 0.28 zilizotengenezwa vizuri zitampa mchezaji umbali na usahihi ambao springi ya M120 haimpi, bila kumtoa nje ya kikomo. Springi kali kwenye giaboksi (kisanduku cha gia ndani ya bunduki ya umeme) ya kiwandani inakula meno ya gia na kupasua pistoni, na ukiongezea betri ya volti 11.1 mahali palipotengenezwa kwa volti 7.4, viunganishi vya kifyatulio navyo vinaungua. Nimefungua bunduki kadhaa za namna hiyo juu ya meza yetu na kukuta pistoni imepoteza meno ya kwanza yote huku mwenyewe akishangaa kwa nini inalia bila kutoa kitu. Wenye bunduki za gesi na za hewa ya mtungi nao wasijione wamesalimika, maana gololi nzito hukaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi ikisukumwa, na nguvu inapanda ingawa kwa gololi ya gramu 0.20 namba ilikuwa nzuri. Ndiyo maana tunawapima kwa uzito ule ule wanaochezea, na hatuwabagui kama mlivyodai.

Kuna ushauri mwingine ambao unanitia hofu zaidi, nao ni ule wa kumwambia mgeni asiyesajiliwa anunue bunduki yenye rangi kali ya buluu au kijani, kisha aipake rangi nyeusi nyumbani. Sheria ya mwaka 2006 iliyoanza kutumika kwa bunduki za bandia Oktoba 2007 inakataza kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini bunduki ya bandia inayofanana na ya kweli, na inakataza vilevile kuigeuza iliyo ya rangi iwe inayofanana na ya kweli. Mchezaji wa easofti anapata utetezi kwa sababu anashiriki michezo inayotambuliwa, yenye bima ya madhara kwa watu wengine, na njia ya kawaida ya kuthibitisha hilo ni usajili wa UKARA, chama cha wauzaji wa easofti Uingereza, unaomtaka acheze angalau mara tatu katika kipindi kisichopungua siku 56 kwenye kiwanja kinachokubalika. Mgeni anayekodi vifaa mara hizo tatu anakuwa amejifunza mchezo, amejaribu bunduki za aina mbalimbali na amekamilisha masharti ya usajili kwa wakati mmoja. Mnamwambia aruke hatua hiyo ili aokoe nini?

Sasa nije kwenye pauni 35, kwa sababu hapa ndipo mnapotukana watu bila kupiga hesabu. Mtu akitumia msitu wake kwa easofti bila kibali cha halmashauri cha kubadilisha matumizi ya ardhi, sheria inampa siku 28 tu katika mwaka wa kalenda, na akicheza Jumamosi na Jumapili amezimaliza kwa wikendi 14. Msitu ukiwa ndani ya eneo linalolindwa kwa thamani yake ya kisayansi, hata hizo 28 hazipati kwa michezo ya kivita. Zile ngome na vijiji vya mbao mnavyovipenda, vikisimama hapo mwaka mzima, vinaweza kumletea barua ya halmashauri, na akiamua kuomba kibali kamili anaanza kulipia wataalamu wa kelele, wa wanyama na ndege, na wa barabara ya kuingilia, bila uhakika wa kukubaliwa.

Chukueni kiwanja cha siku 28 chenye wachezaji 40 kila siku, jambo ambalo mvua ya Novemba hairuhusu. Mapato yote ya viingilio ni pauni 39,200 kwa mwaka. Waamuzi watano, wakifanya kazi saa 9 kuanzia kufungua geti hadi kuokota takataka za mwisho, kwa kima cha chini cha mshahara cha kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026, yaani pauni 12.21 kwa saa, wanagharimu karibu pauni 550 kwa siku. Hiyo ina maana kwamba viingilio vya wachezaji 16 wa kwanza vinaishia kwa waamuzi, na kwa mwaka ni zaidi ya pauni 15,000. Kinachobaki kinalipa kodi ya msitu, bima, vyoo vya kuhamishika na gari la kuvinyonya, kokoto za maegesho baada ya magari kuyageuza tope, vifaa vya huduma ya kwanza, na bunduki za kukodisha ambazo wageni wanazikanyaga na kuzitumbukiza kwenye madimbwi. Kinalipa pia mkaguzi wa miti, na hapa nataka mnisikilize. Ugonjwa wa fangasi unaokausha miti aina ya ash uligunduliwa nchini humu mwaka 2012, na tangu hapo miti hiyo imekuwa ikifa imesimama na kudondosha matawi bila onyo. Mwenye kiwanja anawajibika kwa usalama wa kila anayepita chini yake, kwa hiyo msimu uliopita eneo letu lote la bondeni lilifungwa hadi wakataji wenye kamba na misumeno wamalize kazi, na ninyi mkaandika kwamba kiwanja kimepunguzwa lakini bei haikushuka.

Mwenye kibali cha mwaka mzima naye hali yake si ile mnayoidhania. Akipata wachezaji 50 kila Jumapili, mapato yake yanafika pauni 91,000, ambayo yamevuka kizingiti cha pauni 90,000 cha kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani. Kuanzia hapo, pauni 5 na peni 83 katika kila pauni 35 ni za serikali kabla hajagusa kingine chochote.

Mgeni akiuliza, mwambieni kwanza akodi, na fedha yake ya mwanzo inunue kinga ya macho yenye herufi B na buti zinazoshika kifundo cha mguu, kwa sababu majeraha mengi tunayoyafunga ni ya vifundo vilivyoteguka kwenye mizizi. Baada ya usajili anunue bunduki ya umeme ya kawaida kutoka duka linaloipima mbele yake, betri ya volti 7.4 na chaja inayosawazisha seli, na asifungue giaboksi mpaka kitu kiharibike. Gololi ziwe zinazooza, maana wenye misitu wengi hawakubali nyingine.

Aliyempendekezea kijana ile bunduki yumo humu na anasoma. Namtaka aandike hapa hapa bunduki hiyo ilipimwa lini, kwa gololi za gramu ngapi na nani aliisoma namba, kisha afute lile andiko la kututuhumu. Kubadilisha springi ile na kuipima upya kutamgharimu kijana pauni 40 hivi kwa fundi, na fedha hiyo haipaswi kutoka mfukoni mwake.