Ilhamu ina nafasi gani katika usanifu majengo?

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu:
Ndugu wanajukwaa, nasomea usanifu majengo. Mwenzangu mmoja hukaa nusu saa akainuka na mchoro unaosifiwa na darasa zima, ilhali mimi huchora na kufuta wiki nzima kabla sijapata cha kuonyesha. Hupenda kututolea mfano wa Jørn Utzon, msanifu majengo wa Denmark, na Jumba la Opera la Sydney alilolibuni huko Australia, kwamba wazo lilimshukia mara moja, na asiyeshukiwa atafute kazi nyingine. Je, ni kweli?

Mchoraji Mkongwe:
Mwenzako anasimulia nusu ya kisa. Michoro ya Utzon ilishinda shindano mwaka 1957, lakini mapaa yale yaliyopinda kama magamba yalikuwa sura tu, bila kanuni ya kijiometri ambayo mhandisi angeweza kuipigia hesabu. Utzon na wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walihangaika kwa miaka kadhaa, wakijaribu umbo moja baada ya jingine, hadi mwaka 1961 ulipopatikana ufumbuzi: magamba yote yakatwe kutoka katika uso wa tufe moja lenye nusukipenyo cha takriban mita 75. Kwa kuwa mpindo ulikuwa mmoja, vipande vya mbavu za zege viliweza kumiminwa katika kalibu zilezile mara nyingi. Ufumbuzi huo nao husimuliwa kama mwanga wa ghafla, ila ulimjia mtu ambaye tayari alikuwa ameyakataa maumbo mengi.

Bint Seremala:
Nakubaliana na mzee hapo juu, ingawa nisingependa kipaji kifutwe kabisa. Washindani walizidi 200, na kiwanja kilikuwa kilekile kwa wote, rasi inayoingia bandarini. Utzon alilihesabu paa kuwa uso wa tano wa jengo, kwa kuwa watu wangelitazama kutoka juu pia. Jicho la namna hiyo haliji kwa kufuta na kuchora pekee. (Baba yake alikuwa mbunifu wa meli, kwa hiyo huenda hata jicho hilo lilikuwa na mlezi wake.)

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu:
Ahsanteni sana. Basi michoro ninayoikataa niitupe, au niitunze?

Mchoraji Mkongwe:
Itunze, mwanangu, na nyuma ya kila mmoja uandike tarehe na sababu ya kuukataa. Mimi huanza kuzisoma sababu hizo kabla sijagusa karatasi mpya.