Kinyonga wa Yemen au wa pembe tatu? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

MamaZuhura (Leicester)
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Binti yangu anatimiza miaka 13 mwezi huu, nami nimemwahidi kinyonga. Duka la hapa lina aina mbili: wa Yemen, mwenye ushungi mrefu kichwani, na wa pembe tatu, ambaye asili yake ni milima ya kwetu. Muuzaji ananiambia kwamba wote wawili wanakula nyenje na hawana usumbufu, lakini jibu hilo ni jepesi mno na sijaridhika. Ni yupi aliye rahisi kumlisha na kumtunza?

FundiTaa (Hamburg)
Wa alaykum salaam, dada. Hujatueleza lolote la kutuwezesha kukujibu. Ni dume au jike? Ana umri gani? Amezaliwa kwa mfugaji au amekamatwa porini? Utamweka katika kizimba cha wavu au tangi la kioo, na je, una taa ya UVB, yaani ya mionzi ya urujuanimno kama ya jua? Bila mionzi hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3 ya kutosha, na D3 ikipungua hawezi kuitumia kalisi, hata ukiwapaka wadudu unga wa kalisi kila mlo. Mifupa hulainika, miguu hupinda kama ya mtoto mwenye matege, na mwishowe hata ulimi hushindwa kumfikia mdudu. Taa huendelea kung'aa ilhali mionzi yake imekwisha kudhoofika, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

MkaziWaMeru (Arusha)
Wa pembe tatu ninamfahamu kwa kumwona alipozaliwa, kwa kuwa wapo hapa Mlima Meru na kwa wenzetu wa Kenya. Usiku huku ni wa baridi, na asubuhi ukungu hulowesha majani, naye hunywa matone hayo. Kwa hiyo mchana mahali pake pa kuota joto pasizidi sana nyuzi 28, na usiku aachwe apate ubaridi. Usihofu baridi ya Uingereza, dada, bali hita inayowaka usiku kucha. Tena huyu hatagi, huzaa watoto hai. Pamoja na hayo, uliza karatasi zake. Wote wawili wamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mimi ningependa abaki mlimani.

BintiMuscat
Mchukue wa Yemen, tena dume. Nimemfuga wangu kwa miaka minne na hajaumwa. Anavumilia joto na ukame kuliko yule wa milimani, na zaidi ya wadudu anakula majani na maua ya haibiskasi, jambo ambalo vinyonga wengi hawalifanyi. Na achana na nyenje, maana wananuka, wanalia usiku na wanatoroka. Mende wa dubia hawana kelele na hawapandi kioo.

FundiTaa (Hamburg)
Mende pekee hawatoshi, dada yangu. Muhimu zaidi ya aina ya mdudu ni kile alichokula mdudu mwenyewe. Nyenje aliyeshinda njaa katika kopo la duka ni ganda tupu. Mlishe karoti na majani mabichi siku nzima kabla hajaliwa, na asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya kinyonga.

BabaSalim (Toronto)
Mama Zuhura, kabla hujalipa chochote naomba usome haya. Mwaka wa kwanza nilinunua jike wa Yemen bila kuuliza. Nilimpenda mno, na kwa kumpenda nikawa ninamlisha kila alipofungua mdomo, huku taa ya joto ikiwaka kwa nguvu ili asione baridi ya Kanada. Sikujua kwamba jike wa aina hii hutaga hata kama hajawahi kumwona dume, wala kwamba chakula kingi na joto kali humfanya atengeneze mayai mengi zaidi. Siku moja alianza kushuka na kuzunguka chini ya kizimba, akikwaruza sakafu tupu. Nilidhani anataka kutoka. Alikuwa anatafuta mchanga wa kuchimba, nami sikuwa nimemwekea. Baada ya siku chache aliacha kula na akawa analala mchana macho yamefumba. Daktari wa kwanza hakuwa na uzoefu na vinyonga, akampa dawa ya maji na kuturudisha nyumbani. Tulipompata mwingine tulikuwa tumechelewa, na mayai yalikuwa yamemkwama tumboni. Mwanangu alimzika bustanini. Ndoo ya mchanga wenye unyevu, wenye kina cha sentimita 30, ingeniepusha na hayo yote.

BintiMuscat
Pole sana, kaka. Ndiyo maana nikasema dume.

MamaZuhura (Leicester)
Poleni, Baba Salim. Nimerudi dukani leo. Wa Yemen ana miezi mitano na amezaliwa kwa mfugaji, lakini muuzaji hajui jinsia yake. Wa pembe tatu ni mkubwa na hana karatasi. Tangi ni la kioo, nimekwisha kulinunua. Yule wa Yemen alikuwa mweusi tii; je, ndivyo anavyojificha?

FundiTaa (Hamburg)
Rangi si ya kujificha tu. Anapopata baridi hujitia weusi ili avute joto, na anapoogopa pia. Tazama macho, yasiwe yamedidimia, na kinyesi chake. Sehemu nyeupe ikiwa ya rangi ya chungwa, ana kiu. Bakuli la maji halitamsaidia, kwa maana hunywa matone yanayotembea juu ya majani.

MkaziWaMeru (Arusha)
Asiye na karatasi mwache, tafadhali.

BintiMuscat
Tangi la kioo linafaa likiwa na wavu juu na hewa inapita.

BabaSalim (Toronto)
Jinsia unaweza kuijua mwenyewe, dada. Dume wa Yemen huzaliwa na kijipembe kidogo nyuma ya kisigino cha mguu wa nyuma. Omba umwone kwa karibu.

MamaZuhura (Leicester)
Nimemtazama miguu yote miwili pamoja na binti yangu. Hana kijipembe. Binti amekwisha kumpa jina. Baba Salim, mchanga huo ni wa aina gani, na unaupata wapi wakati wa baridi?