Betri ya mashua inakufa ikiwa kwenye boya Mikindani, naombeni ushauri wa sola

Mtoto wa Mikindani
Wakuu, salaam. Nina mashua ya futi 28, ya tanga pamoja na injini ndogo ya dizeli ya ndani, inalala kwenye boya hapa ghuba ya Mikindani. Kazi yake ni kupeleka wageni Msimbati, lakini wageni wakiadimika inakaa wiki mbili, hata tatu, bila kutoka. Hapo ndipo betri inapokufa. Ndani ya miezi 14 nimezika betri mbili za aina ya N70. Mwezi uliopita nilipanda asubuhi nikakuta maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, yamefunika mataruma (mbavu za chombo), kumbe pampu haikuwa na umeme wa kuizungusha. Ningechelewa siku mbili ningekuta mlingoti tu. Chombo hiki ndicho kinachosomesha wanangu wawili na mtoto wa shemeji yangu, kwa hiyo usingizi siupati.

Fundi mmoja ameniambia ninunue paneli ya wati 100, nifunge moja kwa moja kwenye betri, mambo yaishe. Moyo unasita. Ukubwa gani unatosha? Na niifunge wapi kwenye chombo ambacho kutwa kinageuka na upepo?

Fundi Sola Lindi
Mkuu, usiifunge moja kwa moja. Paneli ya volti 12 ni jina tu, kwenye jua kali inatoa 18 hadi zaidi ya 20. Bila chaji kontrola, yaani kifaa cha kudhibiti chaji, wati 100 zitaisukuma N70 ipite volti 15, maji ya betri yachemke, sahani zikauke, uzike ya tatu. Kabla hujanunua chochote nijibu: taa ya chombo ni ya aina gani? Pampu inajiwasha mara ngapi? Na tesita (kipima volti) inasoma ngapi alfajiri kabla jua halijatoka?

Mtoto wa Mikindani
Nimetoka chomboni sasa hivi. Taa ni glopu ya zamani ya wati 10, iko juu ya mlingoti, inawaka usiku kucha. Pampu nimeikalia kwa muda wa saa tatu nzima, imejiwasha mara mbili, kila mara kama dakika moja na nusu. Tesita alfajiri imesoma 11.7.

Fundi Sola Lindi
11.7 ni betri iliyokwisha. Iliyojaa na kutulia inasoma 12.6 au 12.7. Ikifika 12.2 iko karibu na nusu, usiishushe zaidi ya hapo. Ikilala chini kwa siku nyingi, sahani za risasi zinaganda salfeti, na hata ukiichaji vipi nguvu yake hairudi yote.

Sasa hesabu. Glopu ya wati 10 kwa saa 12 inakula ampea-saa 10 (ampea moja kwa saa moja ni ampea-saa moja) kila usiku. N70 ina kama 70, basi usiku wa nne umeshapita nusu. Pampu yako kwa siku inafanya kazi dakika 24 hivi, na kama inavuta ampea 3, haifikishi hata ampea-saa moja na nusu. Anayekumaliza ni glopu. Weka LED ya wati 2, usiku mzima itakula 2 tu.

Baada ya hapo matumizi yako ni ampea-saa 3 na ushee kwa siku. Paneli ya wati 20 inatoa kama ampea moja jua likiwa kali, hesabu saa nne za jua la maana, unapata 4. Inatosha kwa shida, zikija mvua za Januari unarudi ulipotoka. Chukua wati 50 na kontrola ya PWM, ile aina ya kawaida, ya ampea 10. Ya MPPT, aina ya kisasa zaidi, ni ghali, na kwa paneli ndogo hivyo hutaona faida yake.

Wakati wa kufunga, kontrola ishike betri kwanza, paneli iwe ya mwisho. Ukifungua, paneli itoke kwanza. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Pampu ipate waya wake na fyuzi yake kutoka kwenye betri yenyewe, isipite kwenye kontrola. Kontrola ikiona betri imeshuka inakata umeme, na pampu ndiyo kitu cha mwisho unachotaka kikatwe.

Kijana wa Shangani
Mbona mnahangaika? Mimi betri naichomoa, naipeleka nyumbani, naichaji kwa umeme wa TANESCO. Haijawahi kunisumbua.

Mtoto wa Mikindani
Ndugu yangu, nimebeba kilo karibu 20 kwenye mtumbwi mwaka mzima. Na siku betri ikilala nyumbani, chombo kinabaki bila pampu. Wewe huenda chombo chako hakiingizi maji, changu kinaingiza.

Nahodha Mstaafu
Mwanangu, suala la wapi pa kuifunga bado. Ifunge tezi, yaani nyuma ya chombo. Chombo kwenye boya kinaelekeza omo, yaani mbele, kwenye upepo. Wakati wa kusi omo inatazama kusini, na mwezi wa Juni jua la adhuhuri huku kwetu liko kaskazini, kwa hiyo kivuli cha mlingoti kinaangukia omo. Kaskazi ikivuma omo inageukia kaskazini, nalo jua la Desemba limehamia kusini kidogo, kivuli kinakwenda omo vilevile. Maji yakipwa kwa nguvu chombo kitageuka vingine, lakini siku nyingi tezi ndiko kweupe. Foromali, ule mti unaobeba tanga, iteremshe uilaze mbali na paneli, maana kivuli chembamba kikikatiza safu moja ya seli kinapunguza umeme wa paneli nzima. Paneli ilaze tu, jua letu halikai mbali na utosi.

Lakini pampu kujiwasha mara mbili ndani ya saa tatu hainipendezi hata kidogo. Hiyo si kazi ya sola, ni kazi ya kalafati, kuziba nafasi za mbao kwa pamba.

Mama Dau
Sisi Lindi adui ni chumvi. Tumia waya uliopakwa bati, ule wa shaba tupu wa nyumbani unageuka kijani ndani ya msimu mmoja. Tamino zipake grisi baada ya kukaza. Ndege wa baharini wanapenda kutua tezi, kinyesi chao ni kivuli tosha, kiosheni kwa maji yasiyo na chumvi kila mkipanda. Na funga nati maalumu zisizofunguka kwa spana ya kawaida, tulishaibiwa paneli usiku.

Mtoto wa Mikindani
Shikamoo nahodha, na wote asanteni sana. Narudi baada ya siku 16. Nimefunga betri mpya, LED, wati 50 tezi, kontrola, na pampu ina waya wake. Chombo hakijatoka boyani, na leo alfajiri tesita imesoma 12.6. Nimeisoma mara tatu. Nahodha, umesema kweli, nimetoboa kwa kisu uzi (maungio ya mbao) wa tatu kutoka mkukuni, ule mti wa chini kabisa wa chombo, pamba imeoza yote. Bamvua ijayo, maji yakijaa sana, naipandisha mashua ufukweni, fundi wa kalafati nimeshampata.